MWALIMU WA KUCHORA: SAA ZAKE NI ZA NANI?



Katika chama chetu tumo watu wa kazi nyingi za shule: wapishi, madereva, walinzi, makarani, watunza bustani, na sisi wachache tunaofundisha watoto kuchora. Mpishi akisema mzigo wake ni mzito kila mtu humwelewa, kwa sababu sufuria yaonekana. Dereva akisema aliamka saa kumi usiku, hakuna abishaye. Lakini mwalimu wa kuchora akisema amechoka, watu hucheka. Husema, "Wewe umechoka na nini? Kutwa wacheza na rangi."

Nataka kuyajibu maneno hayo, wala si kwa hasira. Nataka tuhesabu saa, kama tunavyohesabu saa za kila mfanyakazi mwingine. Hoja yangu ni moja. Mchoraji anayefundisha watoto ana kazi mbili, na kazi hizo zaweza kukaa pamoja bila kugombana. Lakini hazikai pamoja ikiwa saa za ile kazi ya pili huchukuliwa bure. Na zikichukuliwa, mwenye hasara si mchoraji peke yake. Mtoto wako pia hupata hasara, na nitaeleza kwa nini.

KAZI MBILI

Kazi ya kwanza ni ya darasani. Wengi hudhani kumfundisha mtoto kuchora ni kumpa karatasi na kumwacha. Basi tazameni. Mtoto wa miaka miwili hukwaruza tu, naye hufurahi kuona mkono wake umeacha alama. Akifika miaka minne hivi, huchora mtu mwenye kichwa kikubwa, na miguu hutoka kichwani, tumbo halimo. Huo si ujinga, ndivyo watoto wanavyoanza. Akifika miaka saba huweka mstari chini ya karatasi, ndiyo ardhi, na nyumba na mti na mama yake husimama juu yake safu moja. Akifika miaka tisa au kumi, jambo jipya huingia: aanza kuona haya. Ataka ng'ombe wake afanane na ng'ombe, na asipofanana huficha karatasi. Wengi huacha kuchora umri huo, wasirudi tena maisha yao yote.

Mwalimu hana budi kujua kila mtoto yuko wapi katika njia hiyo, na darasani huenda wako arobaini. Huyu ni wa kuachwa. Huyu ni wa kuulizwa swali moja tu. Yule ni wa kupelekwa nje akamtazame ng'ombe upya, aone pembe imeota wapi. Juu ya hayo kuna maji ya kuchota, rangi za kuchanganya, brashi za kuosha, meza za kufuta, sare zisichafuke, na kengele isiyongoja mtu. Hii ni kazi ya ujuzi.

Kazi ya pili ni ya mchoraji mwenyewe, na picha haifanywi kwa dakika zilizobaki. Rangi ya mafuta huchukua siku nyingi kukauka, na tabaka moja hungoja jingine. Kabla ya rangi kuna kutazama na kujaribu, kufuta na kuanza tena. Mkono usioshika brashi kwa majuma mengi huwa mzito, kama mkono wa fundi aliyeacha cherehani. Tena mwanga wa taa hudanganya: rangi uliyoipenda saa nne usiku, asubuhi waiona nyingine kabisa. Ndiyo maana saa za mchana, hata zikiwa za Jumamosi tu, ni mali kwa mchoraji kama vile mvua ilivyo mali kwa mkulima.

"MSHIKA MAWILI"

Kuna wanaotutupia methali: mshika mawili moja humponyoka. Wasema, ama uwe mchoraji, ama uwe mwalimu, chagua. Methali ni ya kweli kwa mambo mengi, lakini historia ya uchoraji katika Afrika Mashariki haikubaliani nayo hapa.

Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha kuchora Makerere, Uganda, katika miaka ya 1930. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Ntiro alisoma Makerere, akaenda London kusoma zaidi, akarudi Makerere kufundisha. Hakuweka brashi chini alipokamata chaki. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imehifadhiwa katika Museum of Modern Art mjini New York. Ni picha ya mtu aliyekuwa mwalimu.

Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, naye alisoma Makerere, naye alikuwa mwalimu. Mwaka 1959 alimaliza picha tano kubwa katika kuta za kanisa la ukumbusho pale Fort Hall, ndiyo Murang'a ya sasa. Alizichukua habari za Biblia akaziweka katika milima na vijiji vya huku kwetu, na watu wake ni watu wa huku kwetu. Mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, mahali palipojulikana kwa onyo moja lililorudiwa kila siku: usiige kazi ya mwenzako.

Na tusiwataje waliosoma vyuoni peke yao. Edward Saidi Tingatinga alikuwa mtu wa vibarua, tena aliwahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Dar es Salaam, alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao za dari, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alikufa mwaka 1972. Katika miaka hiyo michache vijana wa jamaa zake walikaa karibu naye, wakatazama, wakapaka, wakajifunza, na hata leo jina lake ni jina la uchoraji wa namna hiyo. Hakuwa na darasa wala chaki. Alifundisha kwa kuchora mbele yao.

Ni kweli kwamba hawa walifundisha zaidi vijana na watu wazima, si watoto wadogo. Lakini jambo ni lilo hilo: kazi ya mkono na kazi ya kufundisha zililishana. Basi kama kwao hakuna lililoponyoka, kwa nini kwetu laponyoka? Jibu ni saa.

SAA ZINAKOKWENDA

Nimefanya kazi katika shule moja ambayo mkataba wake ulinitaka nifundishe vipindi vyangu, nisimamie vitabu vya kuchorea, na kuhudhuria mikutano. Mambo hayo niliyakubali na niliyafanya. Lakini kazi zilizokuja hazikuwa hizo tu. Jina la shule juu ya lango limefifia, mwite mwalimu wa kuchora. Siku ya wazazi yaja, mwalimu wa kuchora afanye mabango. Kuna mchezo wa kuigiza, atengeneze mandhari. Ukuta wa chekechea hauna wanyama, aje Jumapili baada ya kanisa awaweke twiga na simba. Hata kadi za harusi ya jamaa wa mkubwa zilinifikia. Kila mara neno lilikuwa lile lile: "Kwako wewe hii ni dakika tano tu." Rangi nazo mara nyingi nilinunua kwa fedha yangu, nikaambiwa nitarudishiwa. Wengi wenu mwajua habari ya "utarudishiwa".

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Mwalimu akipokonywa saa mbili kila jioni, siku tano, ni saa 10. Jumamosi akifanya saa 6, jumla ni saa 16 kwa juma. Muhula wa majuma 12 ni saa 192. Gawanya kwa siku ya saa 8, wapata siku 24 za kazi. Ndugu zangu, sheria ya Kenya humpa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Hapa muhula mmoja tu umemeza zaidi ya likizo ya mwaka mzima, bila senti moja, na bila mtu kuona kwamba kuna kitu kilichochukuliwa.

Siku 24 zatosha kuchora picha kadhaa. Hizo ndizo picha ambazo hazipo.

MWALIMU ASIYE NA PICHA YAKE

Hapa ndipo mtoto anapoingia katika habari hii, na naomba wazazi wasome kwa makini.

Mwalimu asiye na nafasi ya kuchora picha yake mwenyewe huichora juu ya karatasi za watoto. Hafanyi hivyo kwa ubaya. Mkono wake una njaa. Ampita mtoto, aona mti umepinda, achukua penseli na kusema, "Ngoja nikuonyeshe." Aunyosha mti. Meza ya pili aurekebisha mlima. Meza ya tatu alipaka jua. Mwisho wa kipindi karatasi arobaini zina mti mmoja, mlima mmoja na jua moja, na zote ni za mwalimu. Ukutani zapendeza sana. Mkubwa wa shule afurahi, na wazazi wapiga picha kwa simu. Lakini watoto arobaini wamejifunza jambo moja siku hiyo: kwamba macho yao hayafai, na kwamba jibu liko kwa mtu mwingine.

Yule mwalimu aliyechora Jumamosi huja Jumatatu akiwa ameshiba. Hana haja na karatasi ya mtoto. Tena ametoka katika shida ile ile ambayo mtoto anayo: mwenyewe jana alihangaika na mti usiosimama, akafuta mara tatu. Kwa hiyo ajua kumwambia mtoto, "Tazama tena, shina ni nene wapi, ni jembamba wapi?" kisha aondoke. Maneno hayo hayapatikani kitabuni. Hupatikana katika kazi. Mtoto wa miaka kumi aliyeanza kuona haya, huyu ndiye mtu wa kumwokoa.

Ndugu mwanachama, huenda mtoto wako hatakuwa mchoraji. Lakini akiwa fundi wa magari, mshonaji, muuguzi au mwashi, atahitaji jicho linaloona kitu kilivyo, na mkono usioogopa kukosea na kuanza tena. Kipindi cha kuchora chaweza kumpa hayo mawili, kikiwa na mwalimu aliye hai katika kazi yake.

SEREMALA JE?

Najua swali litakaloulizwa, maana nimelisikia kwa wenzetu: "Seremala wa shule hapewi saa za kutengeneza kitanda chake. Mpishi hapewi saa za kupika ugali wa nyumbani kwake. Kwa nini mchoraji apewe?"

Swali ni la haki, na jibu langu ni hili. Hatuombi kulipwa kwa picha zetu. Picha yangu ni yangu, gharama yake ni yangu, na ikiuzwa faida ni yangu. Tunaloomba ni kwamba saa ambazo hazikulipwa zisichukuliwe. Seremala akiitwa Jumapili kutengeneza madawati, hilo twaliita ovataimu na twalidai. Dereva akitumwa usiku kumpeleka mgeni wa mkubwa, twaandika saa zake. Basi mchoraji akiitwa Jumapili kuchora twiga ukutani, nayo ni kazi kama kazi nyingine. Rangi si mchezo kwa sababu ina rangi. Wala hatutaki mizani ya pekee kwa ajili yetu. Mizani ile ile mnayopimiwa ninyi yatutosha.

NA SISI WENYEWE

Haifai tudai bila kusema na wenzetu wa brashi. Kuna mchoraji aonaye darasa kuwa posho tu, mahali pa kungojea picha iuzike. Aingia na chaki, aandika "choreni mnachotaka", akaketi na simu yake. Huyo awaibia watoto kama vile tajiri anavyotuibia sisi. Saa za darasani zimelipwa; ni za watoto, zote.

Kuna lingine baya zaidi. Wako wanaochukua kazi za nje, kama mabango na kadi, wakawapa wanafunzi kupaka rangi ati wanajifunza, kisha fedha huingia mfuko mmoja. Wako na wanaouza michoro ya watoto bila watoto wala wazazi kujua. Mambo hayo yakataliwe kabisa. Hatuwezi kumkemea tajiri kwa kutumia jasho la bure, nasi twatumia jasho la mtoto.

Na ukosefu wa vifaa usiwe kisingizio cha uvivu. Mkaa huchora. Udongo mwekundu uliochekechwa na kuchanganywa na uji mwepesi wa unga hupaka. Kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki huwa brashi. Mwalimu mwenye bidii ataanza na hayo, na huku akiendelea kudai rangi.

SHERIA YASEMAJE

Wengi wetu hufundisha kwa mapatano ya mdomo, wengine hulipwa kwa kipindi katika shule mbili au tatu. Basi mjue haya. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, humpa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya hali njema ya kazi, na ya kujiunga na chama. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na ni juu ya tajiri kuuandika. Tena saa za kazi zitajwe ndani yake. Sheria hiyo hiyo humpa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba.

Jambo la mwisho wachoraji wengi hawalijui. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi uliyoifanya katika ajira yako, au uliyoagizwa kuifanya, haki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa tajiri au kwa aliyeagiza, isipokuwa mmepatana vingine. Ule ukuta wa twiga uliouchora bure waweza kuonekana kesho katika kalenda ya shule ikiuzwa, nawe huna la kusema. Picha uliyoichora nyumbani, kwa saa zako na rangi yako, bila kuagizwa na mtu, ni yako. Mwaona sasa kwa nini mpaka wa saa ni mpaka wa mali?

TUDAI NINI

Wakati ni huu. Mtihani wa KCPE, hata ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, haukuwa na karatasi ya kuchora, na shule nyingi zilikitupa kipindi hicho. Mtaala mpya umeirudisha sanaa darasani, na katika shule za sekondari ya juu umeweka njia tatu, moja yao ikiwa ya sanaa na michezo. Walimu wa kuchora watatakiwa. Masharti huwekwa kazi inapoanza, si baada ya desturi mbaya kuota mizizi. Napendekeza chama kiyatie haya katika madai yake kwa matajiri:

1. Vipindi na saa za mwalimu wa kuchora ziandikwe katika mkataba, pamoja na saa za kutayarisha na kusafisha vifaa.

2. Mabango, kuta, mandhari na kazi nyingine zisizo za darasani zilipwe kama ovataimu, au ziwe na mapatano yake ya maandishi kabla brashi haijachovywa.

3. Rangi, karatasi na brashi za watoto zinunuliwe na shule. Rangi zenye risasi zisiingie darasani kamwe, kwa maana ni sumu kwa watoto. Anayetumia tapentaini apewe chumba chenye hewa.

4. Siku ya mapumziko ya juma isiguswe.

5. Mkataba useme wazi kwamba kazi anazochora mwalimu kwa saa zake ni zake, na useme nani mwenye haki ya kazi za shule.

Kwa wenzangu walimu, anzeni na daftari. Andikeni kila siku: saa ngapi darasani, saa ngapi kwa kazi za ziada, nani alizitaka. Katibu wa tawi hawezi kupigania saa zisizoandikwa. Malalamiko bila daftari ni upepo. Malalamiko yenye daftari ni kesi.

Kwa wapishi, madereva, walinzi na makarani, naomba jambo moja. Madai haya yakiletwa katika mkutano wa tawi, msicheke. Yaungeni mkono kama vile sisi tunavyounga mkono ya kwenu. Wazee wetu walisema mfinyanzi hulia gaeni. Methali hiyo imekaa miaka mingi, lakini haikusema kwamba lazima iwe hivyo daima.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama, mwalimu wa kuchora